Kikapu Hakiachi Kigae

Kazi inaanzia kwenye mwiba. Jani la mkonge lililokomaa huishia kwenye ncha nyeusi, ngumu kama msumari, na kabla ya kufanya jambo lingine lolote bibi ninayemtazama akisuka kikapu huikata ncha hiyo na kuifukia pembeni mwa ua, kwa sababu wajukuu wanacheza peku. Kisha anayapanga majani juu ya gunia. Ni kumi na mawili, yote yametoka chini ya mmea, yote yanakaribiana urefu. Ya juu ameyaacha. Bado machanga, anasema, singa zake ni fupi na hazijapata nguvu, na mmea unaovuliwa machanga yake hauwahi kukupa mengine.

Ua wake uko chini ya mlima Kasigau, ule mlima wa mawe unaosimama peke yake kusini-mashariki ya Voi, wenye kimo cha zaidi ya mita 1,600. Kileleni kuna msitu unaokunywa mawingu. Huku chini ni nyika ya migunga na mibuyu, na mbuga ya Tsavo imewazunguka watu kiasi kwamba tembo ni jirani anayehesabiwa katika kila mpango wa shamba. Kutoka Voi unafuata barabara ya Mombasa hadi Maungu, halafu unaiacha lami na kuingia kwenye udongo mwekundu. Nimeifuata njia hiyo mara kadhaa nije kutazama kikapu kimoja tangu kikiwa jani.

Kila jani analipasua kwa urefu, vipande vya upana wa vidole viwili. Ameegemeza gogo lililochongwa ubapa, ncha moja chini, nyingine ikielekea tumboni mwake. Analaza kipande juu ya gogo, anakibana kwa bapa la kisu, halafu anakivuta kuelekea kwake. Ute wa kijani unatoka na kudondoka. Anavuta tena. Kisu chenyewe ni butu kwa makusudi. Ameusugua ukali wake kwenye jiwe, kwa sababu kisu kikali hukata singa pamoja na nyama ya jani. Nusu moja ikiwa safi, anaizungushia mkononi apate pa kushikia, anageuza, anakwangua nusu ya pili. Maji ya mkonge huwasha ngozi, na mikono yake hadi kwenye viwiko imekuwa myekundu, lakini hajikuni. Ukijikuna, anasema, siku imeharibika.

Jani zito la mkonge lina singa chache mno. Katika kila kilo mia za majani, kilo kama nne tu ndizo singa. Zilizobaki ni maji na makapi. Majani kumi na mawili yaliyofunika gunia asubuhi yamegeuka kitita kimoja kinachoenea kwenye kiganja. Anakisuuza mara tatu katika karai, anakining'iniza kwenye kamba ya kuanikia nguo, na jua la Kasigau, ambalo kwa mahindi ni adui, hapa linafanya kazi njema. Kufikia jioni kijani kimeondoka. Singa zimekuwa nyeupe, zinang'aa, na upepo ukizipitia zinatoa mlio mwembamba kama majani makavu ya mtama.

Mmea huu si wa hapa. Asili yake ni Mexico, na uliletwa Afrika Mashariki mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai, na kutoka kwa hiyo yakazaliwa mashamba makubwa ya Tanganyika. Leo ukitoka Voi kwenda Taveta, unapopita Mwatate unaona mistari ya mkonge ikikimbia hadi macho yachoke. Lakini neno mkonge ni la zamani kuliko mmea wa Hindorf. Wazee walimwita hivyo jamaa yake wa porini, mwenye majani ya mabaka, ambaye nyuzi zake zilisokotwa kamba na mitego karne nyingi kabla ya meli yoyote ya Wajerumani. Nyuzi nyingine zilitoka kwenye gome la ndani la mbuyu, na bibi bado anajua kulibandua bila kuuua mti. Siku hizi halibandui mara nyingi, maana tembo wamemtangulia. Mgeni kutoka Mexico alipokuja alipewa jina la mwenyeji na kazi ya mwenyeji, na mikono haikuhitaji kufundishwa upya.

Siku ya pili ni ya kusokota, na hapa ndipo nilipokaa kimya muda mrefu zaidi. Anaketi chini, miguu ameinyoosha, leso imepandishwa juu ya goti la kulia. Kando yake kuna kigae chenye majivu. Anachota majivu kidogo na kuyapaka kwenye paja ili uzi usiteleze. Kisha anachambua singa kwa ncha za vidole, tano au sita, hahesabu, vidole vinajua. Anachambua nyingine idadi hiyo hiyo. Mafungu mawili anayalaza sambamba juu ya paja na kuyasukuma mbele kwa kiganja, yakajisokota kila moja peke yake. Halafu, bila kuinua mkono, anakirudisha kiganja nyuma, na yale mawili yanakumbatiana yakawa uzi mmoja. Mbele, nyuma. Sekunde mbili. Urefu wa shibiri moja umepatikana. Kabla fungu halijaisha ncha, anaingiza singa mpya katikati ya zile za zamani, anasukuma tena, na kiungo hakionekani. Nilimwomba uzi nikaupitisha polepole kati ya vidole vyangu nikiwa nimefumba macho, kutafuta mahali alipounga. Sikupapata.

Siri ni ile kwenda na kurudi. Mbele, kila fungu linasokotwa upande mmoja. Nyuma, yanasokotana upande wa pili. Kila moja linataka kujifungua kuelekea kule ambako jingine linalizuia, na kwa kuzuiana huko uzi unatulia. Uachie, hauzunguki, haujikunji. Hakuna gundi wala fundo. Hutumia siku nyingi kusokota nyuzi za kikapu kimoja, na si siku nzima-nzima: husokota baada ya kupalilia pojo, husokota akingoja maji yachemke, husokota kwenye mkutano wa chifu. Paja lake lina sehemu laini isiyo na laika hata moja, inayong'aa kama mpini wa jembe la siku nyingi.

Rangi zinachukua sufuria mbili. Kahawia anaitoa kwenye gome la mgunga, lililopondwa na kuchemshwa hadi maji yawe kama chai iliyosahaulika jikoni. Nyuzi zinalala humo usiku kucha. Zile anazotaka ziwe nyeusi anazitoa kwenye maji ya gome na kuzifukia katika tope jeusi la bondeni, kisha anazirudisha kwenye sufuria, na tena topeni. Wenye elimu ya kemia wanaeleza kwamba ukali wa gome hukutana na chuma kilicho ndani ya tope na kuzaa weusi usiofifia. Bibi anaeleza kwamba tope la kijito fulani linashika na la kijito kingine halishiki, na yote mawili ni maelezo kamili. Rangi nyekundu hainunui tena sokoni kama zamani. Ile ya unga ilimtia aibu: mteja mmoja alirudi na kikapu kilichotoa rangi kwenye nguo yake, naye akamrudishia pesa zote.

Kisha kitako. Analaza nyuzi nne, juu yake anakatiza nyingine nne, msalaba uliolala chini. Hizi ni mitande, nyuzi zitakazosimama. Anachukua uzi mrefu, anaukunja katikati, anauvika kwenye kundi la kwanza, na sasa ana ncha mbili mkononi: moja inapita mbele ya mitande, nyingine nyuma, zinapishana, iliyokuwa nyuma inakuja mbele. Huu ndio mshindio. Mzunguko wa kwanza unayafunga makundi ya mitande minne minne. Mzunguko wa pili unaitenga miwili miwili. Wa tatu, mmoja mmoja. Kuanzia hapo kila mtande uko peke yake, na duara dogo, upana wa shilingi ishirini, limekaa katikati ya kiganja chake kama jicho.

Duara likikua, mitande inaachana, na nafasi kati yake inakuwa pana. Hapo anakunja uzi mpya, anaupachika kwenye nafasi, na miguu yake miwili inakuwa mitande miwili zaidi. Nilidhani anaiongeza popote anapoona uwazi. La. Anazunguka duara zima kwanza kwa ncha ya kidole, midomo ikitikisika bila sauti, ndipo anaamua. Nilipouliza anahesabu nini, alijibu kwamba anahesabu maua ambayo bado hayajaota. Kikapu hiki kitakuwa na pembe kumi na nne zinazopanda kutoka chini hadi mdomoni, kila pembe inahitaji mitande kumi na miwili, kwa hiyo kitako lazima kiishe kikiwa na mitande 168. Ikiwa 166, pembe ya mwisho haitafunga, na hilo litajulikana wiki mbili baadaye, likiwa halina dawa. Hana karatasi, na hajachora chochote mchangani. Umbo zima limo kichwani mwake tangu nyuzi nne za kwanza.

Hesabu hiyo isiyoandikwa popote ilinikumbusha mapango niliyokuwa nimetoka kuyatazama siku moja kabla. Kwenye miteremko ya Kasigau, upande wa Bungule, kuna mapango ya miamba ambayo watu wa kale waliyazibia midomo kwa kuta za mawe, wakajificha humo wao na mifugo yao. Wanaakiolojia waliokuwa na Chapurukha Kusimba waliyachunguza, na wakayaeleza kuwa ngome za wanyonge, kinga dhidi ya waliokuja kuteka watu. Kwingineko Utaita, miambani, yako mapango ambamo mafuvu ya wazee yaliwekwa baada ya kufukuliwa kaburini, yapangwe pamoja na ya waliotangulia. Mahali kama pale mtu anaelewa kwa nini tunataka kuweka ua, kibao na mlinzi. Ukuta wa jiwe ukiachwa hubaki jiwe. Chungu kikivunjika huacha kigae, na kigae hukaa ardhini miaka elfu kikimngoja mtu mwenye brashi.

Kikapu hakiachi kigae. Katika udongo huu wenye mchwa, kikapu kilichotupwa leo hakipo baada ya misimu michache. Waliojificha nyuma ya kuta zile lazima walikuwa na vyombo vya kubebea nafaka wakipanda mlima usiku, na vyombo vile vimeoza hadi uzi wa mwisho. Mchimbaji hawezi kuvipata. Mwaka 1915, vita vya Waingereza na Wajerumani vilipofika hapa, Waingereza waliwashutumu Wakasigau kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawaondoa kwenye mlima wao na kuwahamishia Malindi. Wengi walikufa huko. Ilipita miaka mingi kabla waliosalia hawajaruhusiwa kurudi. Nikiwaza safari ile, nawaza walichoweza kubeba: kidogo sana. Lakini kiganja kinachokwenda mbele na kurudi nyuma hakiporwi njiani.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubali kwamba urithi wa kaunti hii ya Taita Taveta ni ule tu wenye jengo au kaburi. Tunawakumbuka simba wawili wa Tsavo waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898, na kuna wanaodai ngozi zao zirudishwe kutoka kwenye jumba la makumbusho la Chicago. Tunavitunza viwanja vya makaburi ya vita, Voi na Taveta, na ni haki. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na Katiba ya 2010 inautaja utamaduni kuwa msingi wa taifa. Naziheshimu sheria hizo. Hata hivyo, kitako hiki kisipoanzwa na mtu, hakuna sheria itakayokianza.

Turudi uani. Mitande ilipofika 168 aliacha kuongeza, akakiinua kitako na kukipindua, na kazi ikabadilika sura. Sasa kila mshindio anauvuta kwa nguvu zaidi kuliko wa nyuma yake, na mitande, kwa kukosa nafasi ya kutawanyika, inaanza kusimama. Ukuta unapanda. Hapa analowesha vidole kwenye kikombe cha maji, kwa kuwa singa kavu hukatika na iliyolowana hutii. Kidole chake kidogo cha kulia kina mfereji katika kiungo cha mwisho, mahali uzi unapopita kila anapokaza.

Mapambo hayawekwi juu ya kikapu. Yanatoka ndani ya mshindio wenyewe. Ana nyuzi mbili, mweupe na mweusi, na kila zinapopishana anachagua upi utokeze nje. Mpishano mmoja unabadilisha rangi. Mipishano miwili inairudisha ile ile. Mitande ikiwa shufwa, na akapisha mara moja kila mahali, weupe unakaa juu ya weupe, weusi juu ya weusi, na mistari inasimama wima. Ikiwa witri, mzunguko wa pili unaangukia kinyume, na unapata madoadoa kama ubao wa drafti. Yote hayo yamo katika hesabu aliyoifanya kitakoni. Pembe zake anazijenga kwa kusogeza mpaka wa rangi mtande mmoja kila mzunguko, na anazungumza nami, anamkemea mbuzi, anaitikia salamu ya anayepita njiani, huku mpaka ukisogea mtande mmoja, mmoja, mmoja.

Siku hiyo mjukuu wake, msichana wa darasa la saba, alikuwa amekaa karibu naye na kitako chake mwenyewe, kile cha kwanza maishani. Kilikuwa kimejikunja pembeni kama sahani iliyoachwa juani. Bibi alikichukua, akakigeuza mara moja. "Hapa ulikuwa na hasira," akasema, akionyesha mizunguko iliyokazwa kupita kiasi. "Na hapa ulikuwa umechoka." Msichana alicheka kwa aibu, maana yote mawili yalikuwa kweli. Bibi hakumfumulia. Alimrudishia, na msichana mwenyewe akaanza kufumua, mzunguko baada ya mzunguko, hadi kwenye ule msalaba, akizinyoosha nyuzi kwa ukucha ili zitumike tena. Ilimchukua mchana mzima. Hakuna aliyemwambia aharakishe.

Mimi niliona bibi naye akifumua. Alikuwa kwenye mzunguko ulio vidole vinne kutoka mdomoni aliposimama, akapitisha kidole gumba kwenye ukuta, akarudi nyuma mizunguko sita. Nilitazama sana mahali pale. Sikuona kosa. Alinionyesha: katika pembe ya tisa mpaka ulikuwa umeruka mtande mmoja, na pembe hiyo ilikuwa imeinama kwa upana wa uzi. Mizunguko sita ni kazi ya jioni mbili. Aliifumua yote bila kuguna, akizungushia uzi kwenye vidole vyake kama mtu anayekusanya kamba ya kisima.

Mdomo wa kikapu ndio unaotangaza kama aliyekisuka anaijua kazi. Mitande 168 imebaki ikining'inia, na kila mmoja lazima ufichwe. Anauinamisha juu ya mwenzake, anaupitisha chini ya unaofuata, anauchomeka ndani kwa sindano ya kushonea magunia, kisha anakaza. Ukingo unajisuka wenyewe ukazunguka kama nywele za mtoto zilizosukwa mkia mmoja. Masalia yanayotokeza ndani anayakata kwa wembe, karibu kabisa, halafu anapitisha kiganja ndani ya kikapu kizima, na pale panapochoma anakata tena. Hushona mikono ya ngozi kwenye vikapu vya kuuza. Hiki hakipewi mikono. Ni cha kuwekea mbegu.

Tulikuwa tumekaa tukitazamana na kikapu kilichokamilika, na mimi nilikuwa nimeanza kusema maneno ya pongezi, alipoingia ndani na kutoka na bakuli la wimbi. Alitandika leso nyeusi chini. Akamimina wimbi kikapuni, akakiinua kwa mikono miwili, akakitikisa juu ya leso, polepole kwanza, kisha kwa nguvu, akikigeuza ili kila upande upate kubeba uzito. Akakiweka kando na kuinama.

Juu ya leso palikuwa na punje mbili.

Alilimimina wimbi lote kwenye bakuli. Akaingiza mkono kikapuni, na kwa ncha ya kidole cha shahada akaufuata mzunguko mmoja baada ya mwingine kuanzia chini, macho yakiwa mlimani, hadi kidole kiliposimama. Akachukua sindano. Aliuinua ule mshindio uliolegea, akausogeza ulegevu wake hadi mtande unaofuata, na ule unaofuata, akauongoza hivyo hadi kwenye kiungo cha karibu, ambako ncha ya uzi ilikuwa imefichwa upande wa ndani, na hapo akaivuta na kuikata. Akamimina wimbi tena. Akatikisa. Mimi na msichana tuliinama pamoja naye juu ya leso, na leso ilikuwa nyeusi tupu.